Jino la Maalim Khatibu

Spika za Mkokotoni zilikuwa nne, mbili kwenye miguu ya jukwaa na mbili juu ya paa la duka la nyavu, na zote nne nilizifunga mimi kwa mkono wangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningezifunga vibaya kama mafundi wengine, labda watu wa nyuma wasingesikia. Nilizifunga vizuri. Hata waliokuwa wanangoja boti ya kuvuka Tumbatu walisikia kila neno.

Ilikuwa khitma ya chuo, watoto wanasherehekewa kuhitimu Kurani, Mfungo Mosi, Ramadhani ishakwisha, baada ya Alasiri. Watoto wa chuo cha Maalim Khatibu wa Malindi ya mjini Unguja wameletwa kwa gari mbili kuwa wageni wa chuo cha Mkokotoni, kanzu mpya, kofia mpya, kila mmoja ananukia kama harusi. Kaswida walizoimba wao nilikuwa nimezirekodi mimi, zipigwe wageni wakiingia. Ya kwanza ikapita, wazee wakatikisa vichwa. Ya pili ikapita, bibi mmoja akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha, kabla ya ya tatu, ikaja sauti ya mwanamme. Ilianza mbali, ikapanda kidogo kidogo:

Maalim Khatibu, jino lake la kubandika,
akitamka sini, meli bandarini zaitika,
halua ya wageni mvunguni ameizika,
ukiomba kipande, filimbi tu inasikika.

Halafu mtu akasafisha koo: khm, khm, khm. Halafu watoto wakaanza kaswida ya tatu, sauti safi kama maji ya kisima.

Sauti ile ya mwanamme ilikuwa yangu. Nilikuwa nimesimama kwenye miksa, kidole juu ya kitufe cha kuzimia, na kidole hakikushuka. Mistari minne ni muda wa kufunga vifungo vya kanzu, lakini siku ile ilikuwa mirefu kuliko Ramadhani yenyewe. Mtoto mmoja akacheka. Mtoto tu, wa safu ya nyuma. Kicheko kikapita safu kwa safu kama sahani ya tende.

Maalim alikuwa amekaa mbele, ubavuni mwa sheha. Hakusimama, hakugeuka kuuliza nani. Aliinua ncha ya kilemba akaziba mdomo, kama mtu aliyepigwa na vumbi, akaniangalia mimi. Mimi tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kutamka. Asingeijua sauti yangu?

Na jino lile lilikuwa siri ya watu watatu: yeye, mkewe Bi Zuhura, na mie niliyempeleka kwa daktari wa meno nikamshikia viatu. Baada ya alasiri ile lilikuwa siri ya Unguja nzima.

Sasa nyinyi vijana mnaojifungia kurekodi kule Mwembetanga, mmeniletea habari mnataka nikuandikieni kazi yetu ilivyokuwa. Mmeniita mkongwe. Nina miaka arubaini na tisa. Mkongwe ni mlango. Lakini kweli kazi nshaiacha, siku hizi natengeneza mapangaboi na spika zilizopasuka hapa Vikokotoni, na mteja wangu mkubwa ni mjane mwenye redio moja. Skuli niliacha darasa la sita, basi mkikuta herufi imekaa vibaya isogezeni wenyewe.

Mmenambia pia mna semina Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mgeni rasmi ni Mundhir Said, "baba wa hip hop ya Unguja". Mmeliandika hivyo hivyo kwenye bango. Sawa. Nitakwambieni mambo ya soksi na makabati, na tukifika kwa huyo baba yenu mtanistahamilia.

Jina langu la jukwaani lilikuwa Ngisi. Ngisi akikasirika humwaga wino, nami nikaona linanifaa, ingawa wino wenyewe mwalimu wa darasa la sita alishaniambia ninaupoteza bure.

Studio yetu ilikuwa kabati. Sisemi kwa mfano. Kabati la nguo la Bi Zuhura, la mninga, lina kioo mlangoni, liko chumba cha juu nyumbani kwa Maalim, Malindi. Tulitoa rafu mbili tukaacha mabuibui yakining'inia, kwa sababu hakuna godoro linalonyonya mwangwi kama mabuibui kumi na moja. Unaingia, unafunga mlango, unachana gizani. Kila mstari wangu wa hasira, wa wakubwa, wa mapapa wa mji, umerekodiwa baina ya nguo za mwanamke mcha Mungu, udi unakuingia puani. Mkizisikiliza nyimbo zile mtasema mbona huyu jamaa hasira zake zina upole ndani yake. Ule si upole. Ni udi.

Bi Zuhura akitaka kutoka alikuwa anagonga kioo.

"Makame, ushamaliza kutukana? Nataka buibui langu."

"Bado mstari mmoja, Bi Zuhura."

"Basi tukana upesi, khitma yetu saa kumi."

Mbele ya kipaza sauti tulitundika soksi. Nyinyi mnanunua kile kichujio cheusi cha duara, sisi tulikunja waya wa hanga tukauvisha soksi ya kike, maana herufi kama be na pe hutema upepo, na upepo ukipiga kipaza sauti wimbo wako unasikika kama mtu anapiga mto. Soksi iwe imefuliwa. Nalisema kwa sababu Mundhir aliwahi kuleta yake moja kwa moja kutoka mguuni, na tulisimamisha kazi nusu siku.

Chumba kile Maalim alinipa bure, na hip hop hakuipenda hata siku moja. Nilikuwa mwanafunzi wake wa chuoni tangu nilipoletwa mjini kutoka Tumbatu kuishi kwa shangazi. Nilikuwa nagonga ubao kwa vidole badala ya kusoma. Wenzangu walikula bakora kwa kosa hilo. Mie aliniita mbele.

"Makame."

"Naam, Maalim."

"Hapo uliposoma, pumzi umevuta wapi?"

"Pale nilipochoka."

"Na maana ilikuwa imekwisha pale?"

"Haijakwisha."

"Basi umeikata shingo. Pumzi ivute pale maana inapopumzika, si pale tumbo linapotaka."

Nimekutana na watu waliosoma muziki kwa karatasi na vyeti, hawajaambiwa hilo. Nusu yenu mnachana kama watu wanaokimbizwa na mbwa: mnavuta pumzi katikati ya neno, kisha mnalaumu biti. Wekeni mkono tumboni, mtafute maana inapokaa kitako, mvute hapo. Maalim alikuwa akinisikiliza nikichana, mkono shavuni, halafu anasema, "Hichi ni kelele, lakini ni kelele yenye makharija," yaani kila herufi inatoka mahali pake. Mie sifa nyengine sikuwahi kuzitafuta.

Sharti lake lilikuwa moja tu. Ramadhani ikiingia, kelele yangu inafungwa, na kabati linakuwa la watoto wa chuo kurekodi kaswida. Mwezi mzima. Na nilikuwa nikirekodi kwa moyo, wallahi, vidufu vile, vigoma vyao vya mkono, vilikuwa vinanifunza kuliko mashine yoyote ya ngoma.

Mtaniuliza kwani tulikuwa tunaogopa nini mpaka tujifiche kabatini. Tulikuwa na Bwana Sururu, mkaguzi wa nyimbo. Bwana Sururu alikuwa na meza, na juu ya meza kalamu nyekundu, na bila ya kalamu ile hupandi jukwaani. Siku moja nilimpelekea wimbo kuhusu njaa. Akakata neno njaa mara tisa, kila mara akaandika juu yake "hamu ya kula". Nikamwambia, Bwana Sururu, mtoto wa Ng'ambo anayelala na maji matupu tumboni hana hamu ya kula. Akasema, "Basi muandikie alale." Nikakubali. Nikaenda jukwaani nikachana "hamu ya kula" mara tisa, kila mara nikijipapasa tumbo kama sultani, na watu wakacheka kuliko ambavyo wangelia. Bwana Sururu alikuwepo, na alipiga makofi kwa kuona nimetii. Wino wa mtu usiukatae wote, mwengine unamtia doa mwenyewe.

Huyo nilimsamehe. Alikuwa mjinga wa haki, mjinga mchana kweupe. Wa kuogopwa ni yule mwenye adabu.

Mundhir ni mtu wa mji khasa. Ukoo wao ulikuwa na mashamba ya mikarafuu Kidichi na nyumba yenye mlango wa kuchonga. Mashamba yalibaki kwenye mazungumzo, na mlango mjomba wake aliuuza kwa Mtaliana, pale mlangoni wakatia bati. Simcheki kwa hilo, sisi wa Tumbatu hatukuwa na mlango wa kuuza. Alikuja kabatini kwetu na mambo mawili, Kiingereza na tabasamu. Masikio hakuja nayo. Akichana, biti inamsubiri kama abiria wanavyomsubiri nahodha aliyekwenda chooni. Lakini ukimtuma kwa watu, milango inafunguka, na mie nilikuwa nahitaji mtu wa kutumwa kwa watu.

Ndiye aliyetupatia kazi ya hoteli moja Nungwi, mchana, kando ya bwawa la kuogelea. Meneja alitaka "hip hop ya asili". Tukafika tukakuta tumetundikiwa ngozi za chui za plastiki.

"Mie Mtumbatu," nikamwambia Mundhir. "Ngozi nnayoijua ni ya samaki taa."

"Vaa tu, yakhe. Wataelewa nini hawa?"

Akaivaa. Mie nikasimama na fulana yangu nikachana nusu saa nzima kwa Kitumbatu, kila mstari unamtukana meneja, nywele zake, kaptula yake, na supu yake ya pweza isiyo na pweza. Meneja alicheza. Jikoni, wapishi waliotoka kwetu kaskazini waliunguza samaki kwa kicheko. Nilirudi mjini nimefurahi kama mtu aliyepewa nishani, na sikuliona lile lililokuwa mbele ya macho yangu: kwamba Mundhir atavaa chochote, mradi kuna mtu anaangalia.

Sasa sikilizeni mambo ya adhana, maana nyinyi wa Mwembetanga mna sponji ukutani na hamjui neema mliyo nayo. Mji Mkongwe hurekodi unapotaka, unarekodi misikiti inapokuruhusu. Kuta za mawe zinazuia joto, adhana hazizuii. Tulikuwa tumebandika karatasi ya nyakati za sala mlangoni mwa kabati, na walioingia walitusifu kwa ucha Mungu.

Muadhini wa msikiti wa nyuma yetu alikuwa Mzee Pandu, na Mzee Pandu alikuwa na kawaida yake. Akishawasha kipaza sauti, kabla ya adhana anasafisha koo mara tatu. Khm, khm, khm. Ya tatu ndefu. Kwetu ile ilikuwa kengele: ukiisikia unazima mashine unatawadha. Nami nilikuwa na kawaida yangu. Kitu chochote nilichokihifadhi, hata upuuzi, nilikikata mkia kabla ya koo la Mzee Pandu. Adabu tu. Sikutaka sauti ya msikitini ikae ndani ya takataka zangu. Shikeni hilo la kukata mkia.

Shikeni na hili. Watu wengi hujaribu kipaza sauti kwa kuhesabu, moja mbili, moja mbili. Sauti ya kuhesabu ni sauti ya karani. Ukiipimia mashine, ukija kuchana kwa moyo kila kitu kinapasuka. Jaribu kwa sauti ile ile utakayoimbia. Mie nilikuwa najaribu kwa kumtukana mtu nnayempenda, kwa sababu hapo sauti inakuja nzima, na kicheko ndani. Shangazi nilimtukana kwa mikate yake. Bi Zuhura nilimtukana kwa kukoroma, akanisikia, akanambia nimekosea, anayekoroma ni Maalim. Kisha nafuta, kazi inaanza.

Siku ya ishirini na saba ya Ramadhani ya mwaka ule, watoto wanakuja baada ya Adhuhuri. Nimekaa na Mundhir tu, nimefunga, kichwa chepesi. Wiki moja nyuma yake nilikuwa nimempeleka Maalim kutiwa lile jino. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi, la mbele limekatika, na kwa mtu anayefundisha herufi jino la mbele si pambo. Jipya lilimkaa vibaya. Kila sini ilitoka na filimbi ndogo. Alikuwa anaificha kwa kusema polepole, na alinambia njiani, "Hili Makame ni letu." Nikamjibu, "Letu, Maalim."

Nikafungua kipaza sauti nijaribu. Mistari minne mnaijua. Ikatoka mara moja bila ya kuandika, na lazima niseme, pumzi nilivuta mahali pake.

Mundhir alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe la bandia? Nipe hiyo, yakhe, nikacheke nyumbani."

"Ukicheka, cheka peke yako."

"Wallahi peke yangu. Mtu amefunga ataapa uongo?"

Pale pale Mzee Pandu akasafisha koo. Nikanakili haraka kwenye flashi ya Mundhir, vile vile ilivyo, khm zote tatu ndani, tukaenda kusali. Niliporudi nikachukua ile yangu nikaikata mkia kama kawaida, nikaihifadhi. Naam, sikuifuta. Nilikuwa najipenda. Hapo ndipo kosa langu lilipo na silihamishi: nilitoa siri ya mzee wa watu kwa ajili ya kibwagizo, na nilipoona kinafaa nikakitunza.

Kaswida zikaisha, nikazisafisha, nikazipanga. Mashine yangu ya kuchomea sidii ilikuwa imekufa, Mundhir akasema ataipeleka kazi kwa mtu wake Darajani ichomwe, na siku ya khitma atakuja nayo Mkokotoni. Akaja nayo, mie nimo juu ya paa na waya mdomoni. Nikamwambia itie tu. Sikuisikiliza. Miaka yote nilikuwa nikiwahubiria watu: kitu kikitoka mkononi mwako kikarudi, kisikilize mpaka mwisho. Siku moja tu sikusikiliza.

Sasa tumieni masikio yenu. Kilichosikika Mkokotoni kilikuwa na khm tatu mwishoni. Nakala yenye koo la Mzee Pandu ilikuwa moja duniani, kwenye flashi ya Mundhir. Hiyo ya kwanza. Ya pili: kosa la mashine huja mwanzo au mwisho, haliji likakaa sawasawa baina ya kaswida ya pili na ya tatu na kimya cha kutosha kila upande. Na ya tatu ndiyo inayonitoa usingizi. Sauti ile ilipandishwa. Ilianza chini ikaja juu taratibu, ili mtu ageuze shingo kwanza, halafu asikie. Mundhir aliyeshindwa kufuata biti ya mtoto wa miaka saba, hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya kwa uangalifu.

Asubuhi yake nilikwenda Malindi. Vitu vyangu vilikuwa vimepangwa kwenye ngazi, vizuri, waya umezungushwa, hata soksi imekunjwa. Bi Zuhura amesimama juu.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

Hakuitikia. Si kwamba hakusikia. Aliniangalia mpaka salamu ikafika kwake, akaiacha ianguke.

Ndani watoto walikuwa wanasoma herufi. Walipofika sini mmoja akapiga filimbi. Nikangoja bakora. Maalim Khatibu, aliyekuwa akisikia mtu akitafuna ubani chumba cha pili, akawaacha wapite. Wakaendelea na shini.

Nilimtafuta Mundhir nikamkuta barazani anakunywa kahawa.

"Ile sauti umeitoa wapi?"

"Kwenye kompyuta yako, Makame. Wapi kwengine?"

"Kwenye kompyuta yangu Mzee Pandu hakohoi."

Akakitazama kikombe chake. Kisha akatabasamu, lile tabasamu la kufungulia milango.

"Nani atakaa asikilize mara ya pili?"

Alisema kweli. Ushahidi wangu ulikuwa ndani ya tusi lenyewe. Ningekwenda kwa Maalim nimwambie nini? Samahani, naomba tulipige tena, safari hii sikiliza mwishoni? Niwakusanye wazee msikitini niwasikilizishe filimbi? Nilimwendea sheha, akanambia wote wawili tukamuombe Maalim radhi. Na Mundhir akatangulia. Nisikilizeni hapo: alikwenda kuniombea radhi mimi, kwa jambo alilolifanya yeye. Alilia, naambiwa. Akatoka na ufunguo wa chumba cha juu.

Kutoka chumba kile ndiyo zikatoka nyimbo zake, kwa biti zangu alizokuwa amezinakili kwenye flashi yake, na safari zake, na bango lenu. Biti achukue. Biti ni kama watoto, zinakwenda zinakopata kula. Mie nataka kitu chengine.

Maalim hakuongoza tena kaswida. Alikuwa akizungumza ncha ya kilemba iko mdomoni, mpaka watu wageni wakadhani ni desturi ya elimu. Hakumaliza miaka miwili. Siku ya kumzika niliingia kubeba jeneza, upande wa nyuma kabisa, na sikupiga hatua kumi mtu akanigusa bega anipokee, kama ilivyo ada. Kugeuka, Mundhir. Ningegoma maiti ingeyumba. Nikampisha.

Bi Zuhura yu hai. Macho bado yanamruhusu kushona kofia, anakaa mlangoni kila Ijumaa kabla ya sala, na mie kila Ijumaa napita. "Shikamoo, Bi Zuhura." Sindano inakwenda. Miaka yote hii, sindano inakwenda. Mwaka jana, Ijumaa moja, ilisimama. Nikasimama na mie. Akakata uzi kwa meno, akatunga mwengine.

Kwa hivyo vijana, nakuulizeni kama mafundi. Nimepika sumu ya panya, sikatai, na nitajibu kwa Mola wangu. Nani aliyeitia kwenye biriani? Sidii ile ya Mkokotoni ninayo, nimeitia ndani ya soksi ile ile. Mngeifungua kwenye kompyuta zenu mngeona kwa macho jinsi sauti ilivyochongwa kupanda, mngesikia koo la Mzee Pandu, na dakika tano baadaye msingekuwa na mgeni rasmi. Sikupeni. Mzee wa watu alisikia filimbi yake kwenye spika mara moja, na sitaipiga ya pili hata kwa ajili ya kujisafisha. Ndiyo maana hakuna njia nyengine isipokuwa mtu kusema kwa mdomo wake.

Mundhir Said, najua watakusomea hii, wewe mwenyewe kusoma vya wengine hukuwahi. Nyumba unaijua, ngazi unazijua, ufunguo ulikuwa wako. Bi Zuhura ana zaidi ya miaka themanini. Kabla ya kwenda kuwafundisha hawa kazi, nenda kakae pale mlangoni, umwambie nani aliitia sauti ile baina ya kaswida ya pili na ya tatu, na nani aliyeipandisha. Mwambie na mistari niliitunga mie, usinifiche. Usiende na tabasamu.

Ijumaa kabla ya semina nitapita kama kawaida, nitatoa shikamoo yangu. Vijana, anayetaka aje asimame upande wa pili wa njia asikilize. Nikiitikiwa marahaba, mtajua Mundhir alifika. Sindano ikiendelea, Jumamosi mgeni wenu rasmi akishika kipaza sauti muulizeni yeye, mbele ya watu, na spika nitakuja kuzifunga mimi.